Naomba ushauri: tajiri anataka niwapigie polisi wachuuzi wa ufukweni

Habari zenu ndugu zangu. Niko Ugiriki mwaka wa tatu, nauza kwenye duka la mama mmoja kwenye kijiji cha watalii huko Kassandra, Halkidiki. Biashara yetu ni ya msimu. Baridi ikianza, mji unalala na duka linafungwa.

Kila jioni vijana wa Kisenegali wanatandika shuka mbele ya mlango wetu: miwani, mikoba, kofia. Kofia tunayouza euro 12 wao wanaiachia kwa 5. Mama analipa pango, VAT asilimia 24, na risiti lazima atoe. Juzi alihesabu mauzo, akanyamaza muda mrefu, kisha akaniambia, "Wakija tena, wewe piga simu."

Kwa kweli mama ana haki, na amenitunza vizuri. Lakini wiki iliyopita polisi walipotokea, kijana mmoja alivuta kamba ya shuka, mzigo ukawa furushi, akakimbia peku. Miwani mitatu ilibaki chini, nikamwokotea. Kesho yake alikuja kuichukua, akaniita dada. Sijui kama ana karatasi za kuishi huku. Akikamatwa kwa simu yangu, nitalalaje?

Na kibali changu cha kuishi kinategemea kazi hii hii.

Mliowahi kufanya kazi za msimu huko Ulaya, nimwambie nini mama? Au niongee na vijana kwanza, wasogee mbali na mlango? Nisaidieni, Jumamosi wageni wanajaa.