Sukari imenikuta nyumba ya mahamri, naomba ushauri

Asalaam aleikum wenzangu. Niko Majengo, Mombasa, miaka 46. Wiki tatu nyuma nilipimwa kabla ya kula, sukari ikasoma 13.2, na kuanzia 7 tayari huhesabiwa kisukari. Nimepewa metformini, nimeze na chakula. Dawa si neno, ingawa tumbo lanisokota.

Kazi ni chakula. Mke wangu huuza mahamri na mbaazi za nazi barazani. Alfajiri nyumba nzima yanukia iliki, nami nimeshika kikombe cha chai isiyo sukari, namtazama akigeuza hamri linavyofura. Nyinyi mlioanza kitambo, asubuhi mwala nini kikakaa tumboni hadi adhuhuri? Na harusini, sinia moja ya biriani watu wanne, mtu ajipimia vipi?