Fundi alilijengea jakuzi langu ukuta, akazika mashine humo ndani, sasa hapokei simu

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, naomba mnivumilie. Miezi mitano nimenyamaza nikidhani nitaelewana na huyu fundi kiungwana. Imeshindikana.

Nilinunua beseni la maji moto la kukaa watu sita, lile ambalo wengi tunaliita jakuzi. Mama yangu anaishi nami na magoti yanamsumbua miaka mingi. Daktari wake alishasema kukaa kwenye maji ya uvuguvugu kunaweza kumpunguzia maumivu. Nilijinyima zaidi ya mwaka mzima kwa ajili hiyo. Kwa hiyo mtu akiniambia "ni starehe tu, tulia", ajue hajanielewa.

Nikatafuta fundi. Akaja, akatazama uwanja kwa dakika kumi, akasema kazi ya siku mbili. Ndani ya siku hizo mbili alifanya makosa ambayo hadi leo nayalipia, na yote alikuwa anayajua au alipaswa kuyajua, kwa sababu ndiyo kazi anayoitoza watu fedha.

Nianze na msingi. Beseni langu linachukua lita 1,400. Lita moja ya maji ni kilo moja, hilo halihitaji chuo. Weka kilo 300 za beseni lenyewe likiwa tupu, weka watu sita wa kilo 70, unapata zaidi ya tani mbili, zimekaa juu ya eneo la mita 2.1 kwa 2.1. Ni karibu kilo 480 kwa kila mita ya mraba, kila mnapoingia wote sita. Mzigo huo unataka zege la sentimita 10 hadi 15, lenye nondo au wavu wa chuma, juu ya udongo ulioshindiliwa ukashiba. Yeye alimwaga zege la sentimita 5 juu ya kifusi. Hakushindilia. Hakuweka chuma hata kimoja. Nilimwuliza kama halitatitia, akajibu "mzee, hili linabeba lori". Mwezi wa tatu kona moja ilikuwa imezama, maji upande mmoja yako juu kwa sentimita 4 kuliko upande wa pili. Nimeweka pimamaji mwenyewe, picha ninazo.

Lakini kilichonifikisha hapa ni ukuta.

Kila beseni la aina hii lina upande wa mashine. Ukifungua paneli ya upande huo unakuta pampu, hita, sanduku la umeme, na zile nati kubwa za plastiki za kuunganishia mabomba. Vyote hivyo vina umri wake. Oringi, zile pete za mpira za kuzuia maji kwenye maungio, zinakauka, sili ya pampu inachoka, hita inaliwa na chokaa. Siku moja lazima mtu apige magoti hapo na spana. Ndiyo maana mtengenezaji anataka pabaki nafasi ya mtu kuingia na kufanya kazi, angalau sentimita 60 hivi, na kwenye upande wa mashine zaidi ya hapo.

Fundi wangu alilisukuma beseni kwenye kona, paneli ya mashine ikatazama ukuta wa nyumba. Halafu pande mbili zilizobaki akazijengea matofali na kuzipiga vigae hadi kwenye ukingo wa beseni, "lipendeze kama limejengewa humo". Hakuacha kimlango. Hakuacha hata tundu la kupitisha mkono. Nami nikasifia, kwa sababu lilipendeza kweli, na sikujua kilichozikwa ndani.

Likaanza kuvuja. Mwanzoni nilidhani maji yanapungua kwa mvuke. Kisha nikaona najaza ndoo mbili kila siku, vigae vya chini vinatoa jasho, na hita haipumziki. Kwa kawaida hita ya kilowati 3 inahitaji kama saa kumi kuyatoa maji haya kutoka nyuzi 20 hadi 38, sawa na uniti 29 hivi za umeme, na baada ya hapo inashtuka mara chache tu kufidia joto linalopotea. Yangu ilikuwa inaunguruma usiku kucha. Nikampigia. "Kaza kifuniko, joto linatoka juu." Nikakaza. Nikampigia tena. "Itakuwa mvua." Mvua gani iko ndani ya pampu?

Nikaita fundi mwingine. Mzee mmoja mtulivu, alizunguka beseni mara mbili akitafuta paneli, akaniuliza, "Mwanangu, mashine iko wapi?" Nikamwonyesha ukuta. Akakaa chini kimya.

Tulimwaga maji yote. Tulivunja vigae na matofali siku nzima. Tuliita vijana wanane kulivuta beseni kutoka ukutani, na wakati wa kulivuta ukingo ukapata ufa wa urefu wa kiganja. Ndani tukakuta nati moja ya pampu haikukazwa, oringi imekaa upande. Kosa la dakika tano! Lingeweza kurekebishwa kwa mkono mtupu kama kungekuwa na kimlango. Badala yake maji yalikuwa yamekaa miezi humo, pampu imesimama ndani yake, beringi zimeshika kutu, na lile povu gumu la kuzuia joto limelowa lote kama sifongo. Povu likilowa halizuii joto tena. Hiyo ndiyo sababu hita ilikuwa haizimiki.

Na umeme. Hapa natetemeka kila nikikumbuka. Hita ya kilowati 3 na pampu mbili za kilowati moja na nusu kila moja zikiwaka pamoja ni kilowati 6, kwenye volti 230 ni ampea 26. Mzigo huo unataka laini yake peke yake kutoka kwenye boksi kuu, waya mnene, milimita 6 za mraba au zaidi kwa kadiri ya umbali, breka yake, na ile breka inayokata umeme ukivuja ampea kidogo tu, milliampea 30. Pia unataka swichi ya kuzimia ambayo mtu anaiona kutoka kwenye beseni lakini aliye majini haifikii kwa mkono. Huyu bwana alichukua umeme kwenye soketi ya mashine ya kufulia kwa waya wa milimita 2.5. Viunganishi vilikuwa vimeungua hadi plastiki imekuwa nyeusi. Breka ya kuvuja haikuwepo. Waya wa erthi aliukata, akaukunja na kuuzungushia tepu ya umeme, haujaunganishwa popote.

Mama yangu alikuwa anakaa humo kila jioni. Pampu iliyolowa, waya unaoungua, hakuna erthi, na mama yangu ndani ya maji. Naomba yeyote anayetaka kumtetea fundi huyu aisome sentensi hiyo tena kabla hajaandika.

Kabla hata ya uvujaji tulikuwa tumeshapata onyo ambalo sikulielewa. Wiki ya pili mwanangu na mdogo wangu walitokwa vipele vyekundu vyenye kuwasha, vingi zaidi sehemu zilizofunikwa na nguo ya kuogelea. Daktari hakuuliza mengi. "Nyumbani mna beseni la maji moto?" Kumbe ni tatizo linalojulikana, bakteria aitwaye Pseudomonas anaingia kwenye mashina ya vinyweleo maji yakiwa hayana dawa ya kutosha. Vilipona vyenyewe, namshukuru Mungu. Nilirudi nikapima kwa vile vikaratasi vya rangi. Klorini, sifuri.

Na nilikuwa nafuata maelekezo yake neno kwa neno! Aliniachia kopo la vidonge vya bwawa la kuogelea, akasema kimoja kwa wiki kinatosha. Bwawa la lita 50,000 likiingia watu wanne, kila mmoja ana lita 12,500 za kumbeba na jasho lake. Kwenye beseni langu watu haohao wanne wana lita 350 kila mmoja, tena za moto, zinazovurugwa na hewa ya jeti, yale matundu yanayorusha maji kwa nguvu, na klorini kwenye hali hiyo inaisha upesi mno. Ya hapa inapimwa kila unapotaka kuingia, na isishuke chini ya sehemu 3 kwa kila milioni ya maji; kwa bromini, dawa inayotumika badala ya klorini, ni 4 hadi 8. Vile vidonge navyo vina tindikali kali na vina asidi ya sianuriki, ambayo inarundikana kwenye maji na kuidhoofisha klorini ileile unayoiongeza. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinashauri isitumike kabisa kwenye mabeseni ya maji moto. pH, kipimo cha ukali wa tindikali ya maji, inatakiwa kati ya 7.2 na 7.8. Yangu ilikuwa chini ya mwisho wa kikaratasi, na hita tulipoitoa ilikuwa imechimbika.

Kuna bakteria wengine wanaoitwa Legionella, wanapenda maji ya nyuzi 25 hadi 45, yaani hasahasa joto tunalolitaka sisi. Huhitaji kuyanywa maji wala kuyaingia, unavuta tu ule mvuke na matone madogo yanayorushwa na jeti, na yanashuka kwenye mapafu. Mwaka 1999 huko Bovenkarspel, Uholanzi, kwenye maonyesho ya maua, beseni la namna hii lilikuwa limewashwa kwa maonyesho tu, hakuna aliyeoga. Wapita njia waliugua na zaidi ya watu 30 wakafa. Walio hatarini zaidi ni wenye umri mkubwa na wavutaji sigara. Mama ana miaka 71. Mtu anayefunga mabeseni haya kwa malipo hakuona haja ya kuniambia hata neno moja kuhusu hilo.

Nimewasiliana na aliyeniuzia. Anasema kosa ni la fundi. Fundi anasema beseni lilikuja bovu. Kitabu cha maelekezo nimekipata juzi kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwa sababu fundi alikitupa pamoja na maboksi, na mle imeandikwa waziwazi kwamba paneli ya mashine lazima ifikike na kwamba gharama za kuvunja chochote kilichojengwa kuizunguka hazimo kwenye dhamana. Kwa hiyo kwa gharama hizo dhamana yangu ilikufa siku ile ile tofali la kwanza lilipowekwa, nami nikiwa nimesimama pembeni nachota maji ya kuchanganyia sementi.

NYONGEZA 1: Kuna aliyeniuliza kwa nini sikusoma mwenyewe kabla. Mkuu, nilisoma kuhusu beseni. Sikujua kwamba inabidi nisomee pia ufundi umeme na kazi ya zege ili nimsimamie mtu niliyemlipa kwa sababu anajua ufundi umeme na kazi ya zege.

NYONGEZA 2: Mnaouliza kama nimeliuza, sijaliuza. Yule mzee analifunga upya. Zege la sentimita 15 lenye nondo, limeachwa likomae, linamwagiliwa. Beseni litakaa katikati, pande zote wazi. Fundi umeme mwenye leseni ameshavuta laini mpya na kupiga erthi, na amenionyesha kitufe cha kuijaribu breka kila mwezi. Mabomba tutayasafisha kwa dawa ya kuondoa utando kabla ya kujaza maji ya kuogea, kwa sababu ule ute unaokaa ndani ya mabomba ndio unaowaficha bakteria hata klorini ikiwa nzuri. Baada ya hapo maji yanabadilishwa kila miezi mitatu, chujio linasuuzwa kila wiki. Joto halitazidi nyuzi 38 kwa ajili ya mama, na daktari wake amelikubali.

Jambo jingine tumeliona jana tukisafisha, na nalileta kwa wenye watoto. Kile kifuniko chenye matundu kinachoziba sehemu pampu inaponyonyea maji kilikuwa kimeshikiliwa na skrubu moja tu kati ya mbili, kinacheza. Marekani kuna sheria ya mwaka 2007 yenye jina la mtoto, Virginia Graeme Baker, aliyekuwa na miaka saba alipofariki mwaka 2002 baada ya kunaswa na mvuto wa tundu la kunyonyea kwenye beseni la maji moto. Mwanangu ana nywele ndefu na anapenda kuzamisha kichwa. Nendeni mkavitikise vifuniko vyenu leo, na kama kimoja kina ufa au kinacheza msiwashe pampu.

NYONGEZA 3: Jina la fundi sitaliandika hapa, na msiniombe hata faraghani. Nimeshaandaa barua yenye picha 43, vipimo vya zege, na ripoti ya fundi umeme iliyosainiwa. Ninachodai ni gharama ya kuvunja na kujenga upya, pampu, hita, na kazi yote ya umeme. Ufa wa ukingo nimeuacha nje ya dai kwa sasa, kwa kuwa vijana wangu ndio waliovuta. Kama kuna mtu humu amewahi kudai fundi kwa kazi ya namna hii na akalipwa, naomba aniambie alianzia wapi na ilimchukua muda gani. Barua inaondoka Jumatatu asubuhi.