Naomba ushauri: mkataba wa mwimbaji wa hausi hapa Kampala

Ndugu zangu, naomba ushauri kwa niaba ya mdogo wangu, mwimbaji wa hausi (muziki wa dansi wa kielektroniki). Prodyuza wa Ulaya ametuma biti (mdundo wa wimbo) ya mapigo 124 kwa dakika na anataka sauti tupu ya mdogo wangu: faili ya WAV (sauti isiyobanwa) yenye ubora wa bit 24, bila mwangwi wala efekti, na sauti za kuitikia kila moja kwenye faili yake. Hilo linawezekana. Tatizo ni mkataba: malipo ya mara moja, haki zote zibaki kwa prodyuza.

Hapo ndipo ninapoogopa. Katika hausi sauti hukatwa vipande na kurudiwa kwenye rimiksi nyingi (matoleo mapya ya wimbo uleule), jina la mwimbaji likapotea kirahisi. Martha Wash wa Marekani aliimba wimbo mkubwa wa kundi la C+C Music Factory mwaka 1990, lakini kwenye video akaonyeshwa mwanamke mwingine. Ilibidi aende mahakamani.

Maneno na melodi ni vya mdogo wangu. Naona jina lake litajwe kwenye kichwa cha wimbo, utunzi usajiliwe UPRS (chama cha Uganda cha haki za watunzi wa muziki) kabla wimbo haujatoka, na kila rimiksi ihitaji idhini yake kwa maandishi. Je, akidai nusu ya utunzi atakuwa amezidisha? Na kwa rekodi yenyewe, asilimia ngapi ni haki ikiwa prodyuza ndiye anayegharamia miksi na usambazaji? Malipo ya sasa yakatwe kwenye mrabaha wa baadaye, au yasimame peke yake?

Mliowahi kusaini na lebo za nje, tafadhali nisaidieni. Jibu linatakiwa Ijumaa.