Naomba ushauri: kujifunza jiografia ya Asia ya Mashariki kwa filamu za makala na muvi

Mleta mada
Wakuu, habari za humu. Nataka kuijua vizuri jiografia ya Asia ya Mashariki: China, Japani, Korea zote mbili, Mongolia na Taiwan. Vitabu ninavyo, ila majina ya mito na milima hayakai kichwani bila kuona kitu. Nianze na filamu zipi, na niziangalieje ili nisiishie kwenye stori tu? Natumia simu, na bando ni la kubana.

Kontua
Mkuu, usianze na orodha ya muvi. Andika kwanza unachotaka kukiona (uwanda wa Tibet, jangwa la Gobi, Mto Yangtze wa China, mpaka wa Korea), kisha kila kimoja kitafutie filamu yake.

Anza na Yangtze, kupitia Still Life ya Jia Zhangke (2006). Ilipigwa Fengjie, mji uliokuwa ukibomolewa kupisha maji ya Bwawa la Three Gorges. Kabla hujaiwasha, fungua picha za satelaiti, itafute Fengjie, ufuate mto kuelekea mashariki mpaka ukuta wa bwawa, jirani na Yichang. Utauona mto umebanwa na milima njia nzima. Ukishapita Yichang unaingia tambarare na kuanza kujipinda. Korongo jembamba juu, nchi ya mafuriko chini: ndiyo sababu bwawa likawekwa pale. Kwenye filamu usipitwe na alama za kimo cha maji zilizopakwa mjini. Maji yanajazwa hadi mita 175 juu ya usawa wa bahari, na waliohamishwa ni zaidi ya milioni 1.2. Kuna mahali mhusika anainua noti ya yuan 10 na kuilinganisha na mandhari mbele yake. Picha ya nyuma ya noti ni lango la korongo la Qutang. Simamisha hapo, ulitafute lango hilo kwenye ramani.

Dira_Kaskazini
Naongezea tahadhari, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Mahali pa stori si lazima pawe mahali pa kamera. The Last Samurai (2003) ni stori ya Japani, lakini sehemu kubwa ilipigwa Taranaki, Nyuzilandi, na mlima wa huko umesimama badala ya Fuji. Memoirs of a Geisha (2005) nayo kwa kiasi kikubwa ilipigwa California. Ukisoma mimea na miamba ya humo kama ya Japani, umejifunza uongo. Angalia maandishi ya mwisho wa filamu, sehemu ya shukrani: majina ya wilaya na mamlaka zilizotoa vibali huwa yapo pale.

Mama Atlasi
Kwa udongo wa loess, chukua Yellow Earth (1984) ya Chen Kaige, kaskazini mwa Shaanxi. Vumbi lililoletwa na upepo kutoka majangwa likarundikana kwa zama nyingi. Ni laini, watu wanachimba nyumba ndani yake, na mvua kali ikipiga linamomonyoka na kuingia Mto Manjano. Rangi ya mto inatoka huko.

Daftari lako liwe na safu tano: mahali, latitudo, mwinuko, mwezi, zao shambani. Mwezi usiuache. Majira ya baridi bara la Asia linapoa, hewa nzito inamwagika kuelekea baharini. Ni mtambo uleule unaotuletea kaskazi huku pwani. Upepo huo ukivuka Bahari ya Japani unazoa unyevu na kuumwaga kama theluji Niigata, pwani ya Japani inayotazama bahari hiyo, huku Tokyo kukiwa na jua na ukavu. Safu ya zao nayo itakuonyesha mstari wa milima ya Qinling na Mto Huai, unaogawa China kaskazini na kusini, karibu latitudo 33 Kaskazini: juu yake ngano, chini yake mpunga, na mvua ya hapo ni kama milimita 800 kwa mwaka.

Mleta mada
Asanteni sana. Kuhusu bando je? Na Korea nitumie ipi?

Kontua
Muvi za kawaida zipakue kwa 480p, zinatosha. Zilizopigwa kutoka angani usishuke chini ya 720p, la sivyo matuta ya mashamba na maporomoko ya ardhi yanakuwa ukungu. Mfano ni Beyond Beauty ya Chi Po-lin (2013) kuhusu Taiwan: kisiwa hakifiki kilomita 150 kwa upana, lakini mlima Yushan unapanda mita 3,952, hivyo mito ni mifupi na ya kasi, na kimbunga kikija miteremko inaporomoka. Ramani ya Google ukiipakua ya nje ya mtandao haina satelaiti, kwa hiyo piga picha za skrini ukiwa na Wi-Fi.

Dira_Kaskazini
Korea, JSA ya Park Chan-wook (2000). Panmunjom ya humo (kijiji cha mpakani ambako walinzi wa pande mbili wanatazamana) ni jukwaa lililojengwa Kusini, kwa hiyo itumie kuelewa mpangilio wa mpaka, mandhari iache. Kisha chora mwenyewe ukanda usio na majeshi: urefu kama kilomita 250, upana 4. Usiuchore juu ya latitudo 38 moja kwa moja. Upande wa magharibi unapita kusini ya mstari huo, unaukata, na mashariki unapanda kaskazini yake. Ndiyo maana miji ilibadilika upande: Kaesong, iliyokuwa Kusini kabla ya vita vya 1950, leo iko Kaskazini, na Sokcho ikawa kinyume chake.