Laki tatu na nusu hapa Tanga: vitafunwa, kuku au uwakala?

mkaaji_makorora

Wakuu, habari za jioni. Naishi Makorora, nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi na natoka saa 11 jioni. Mshahara ukifika tarehe 20 umekwisha, siku zinazobaki ni kuandikiwa kwenye daftari la Mangi. Tumejibana mpaka tumepata laki tatu na nusu. Mke wangu yuko nyumbani na mtoto ambaye bado ananyonya, naye yuko tayari kufanya kazi.

Tumekaa chini tukabaki na mambo matatu: vitafunwa vya asubuhi hapo mlangoni, kuku chotara uani, au uwakala wa pesa kwenye kibaraza cha mbele. Naomba tuvilinganishe kwa haki. Nataka kujua hela inarudi lini, kazi inakula saa ngapi za mtu, na kitu gani kinaweza kuumeza mtaji wote. Karibuni.

Mama_Barabara12

Kaka yangu, mimi nipo Ngamiani na watoto wangu wamesomeshwa na chapati, kwa hiyo naongea ninachokijua.

Uzuri wa vitafunwa ni kwamba hela ya alfajiri inarudi kabla ya saa 3 asubuhi. Unanunua unga leo jioni, kesho asubuhi hela iko mkononi, na jioni unanunua tena. Kilo moja ya unga wa ngano inatoa chapati kumi mpaka kumi na mbili, kutegemea mkono wa mtu. Ukiuza shilingi 500, ni elfu tano mpaka sita. Toa unga, mafuta, chumvi na mkaa, ukibakiwa na elfu moja na mia tano mpaka elfu mbili kwa kila kilo umefanya vizuri. Anayekwambia faida ni nusu kwa nusu hajahesabu mkaa.

Vitumbua vina kazi zaidi lakini ndivyo vinavyofunga wateja. Mchele unaloweka usiku, alfajiri unausaga na tui na iliki, unatia hamira na sukari, unaacha uumuke. Hapo kwenye kuumuka ndipo wengi wanapoharibu kwa haraka. Ukikoroga ukaona mapovu madogo yanapanda taratibu, tayari. Moto uwe wa wastani, kila shimo la chuma kijiko kidogo cha mafuta, unamimina, ukingo ukianza kukauka unageuza. Moto ukiwa mkali kinapendeza nje, ndani uji. Mteja akikutana na uji mara moja, kesho anapita upande wa pili wa barabara.

Ubaya wake niuseme pia. Kuamka ni saa 10 alfajiri, mvua au jua. Mtoto anayenyonya atalia wakati chapati iko kwenye kikaango. Kwa hiyo wewe baba lazima uamke na mkeo, ushike moto au mtoto. Ukimwachia peke yake hamtamaliza mwezi. Na usikopeshe. Mtaa mzima utasema "nitakulipa kesho".

Mfugaji_Pongwe

Namheshimu mama hapo juu, ila kuku wanaonewa sana kwenye mijadala hii. Tatizo watu wanaanza na idadi isiyolingana na mfuko wao.

Kuku chotara, Sasso au Kuroiler, mpaka afikishe miezi mitatu anakula kilo tano sita za chakula. Ukiweka hamsini, hizo ni kilo 300 hivi, yaani mifuko sita ya kilo 50. Nenda kaulize bei ya mfuko kisha zidisha, utaona laki tatu na nusu imekwisha kabla kuku hajauzika. Hapo ndipo mtu anaanza kuwapunja chakula, kuku wanadumaa, mwisho anasema kuku hawalipi. Kwa mtaji wako ni ishirini, basi.

Kuhusu kufa: kideri ndiyo inayofagia banda. Kwa vifaranga wa dukani utaratibu wa kawaida wa chanjo ni kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro siku ya 28, na ndui baadaye. Chanjo ya maji isichanganywe na maji ya bomba yenye dawa, inakufa. Wanyime maji kwa muda wa saa mbili hivi kabla ili wakipewa wanywe yote kwa pamoja. Vitu vidogo hivyo ndivyo vinavyotenganisha anayepata na anayezika.

Saa zake ni chache, asubuhi nusu saa, jioni nusu saa. Kwa mtu mwenye ajira hakuna kinachomfaa zaidi.

Mama_Barabara12

Mfugaji, saa ni chache sawa, lakini hiyo miezi mitatu familia inakula nini? Yeye kasema mshahara unaisha tarehe 20. Anahitaji hela ya tarehe 21.

Mfugaji_Pongwe

Hapo umenishika, dada. Kuku haweki sufuria jikoni wiki hii. Kuku ni kwa aliye na pa kushikilia wakati anasubiri. Nyongeza: uani kwa Makorora nyumba zimebanana, na masika harufu inapanda. Azungumze na majirani kabla ya kununua hata kifaranga kimoja.

Wakala_Mabawa

Nije kwenye uwakala. Nasema wazi: laki tatu na nusu haitoshi.

Hela ya wakala inagawanyika mara mbili, keshi mezani na floti, yaani salio la kwenye laini. Mwisho wa mwezi kila mtu anatoa, keshi inaisha saa 4 asubuhi na floti imejaa. Katikati ya mwezi watu wanaweka na kutuma, floti inaisha na keshi imekaa. Kwa mtaji mdogo utakuwa unawarudisha wateja, na mteja aliyerudishwa anajua kibanda kingine kiko hatua ishirini. Halafu sasa mtu anataka mitandao yote, ukiwa na M-Pesa tu anaondoka. Gawanya laki tatu na nusu kwa laini tatu uone kila moja inabaki na nini.

Kamisheni ni ndogo kwa kila muamala, inalipa kwa wingi. Ndiyo maana wanaofaidi ni wale wa stendi ya Kange na sokoni Mgandini, siyo kibaraza cha mtaani. Utahitaji pia TIN, leseni ya biashara na kitambulisho cha NIDA. TIN haina malipo, mtu asikudai hela ya kukutengenezea.

Na hatari yake ni ya aina nyingine kabisa. Chapati zikidoda mnakula. Hapa mtu anapiga simu, "mimi natoka makao makuu, laini yako inafungwa, bonyeza hivi", dakika mbili mtaji wote umehama. Mkeo akikaa hapo peke yake na mtoto mgongoni, usiku ukiingia, sipendi. Fungua ukishakuwa na milioni na nusu, tena karibu na barabara kubwa.

kijana_wa_boda

Kama kuna anayewaza bodaboda ya mkataba, kwa mtaji huo haipo. Pikipiki mpya inaenda kwenye mamilioni. Tuendelee na mengine.

Binti_wa_Mkinga

Hamjataja mwani, na mkoa wetu una pwani yote hii. Kwetu Mkinga akina mama wengi wanaishi nao. Mtaji wake ni mdogo kuliko vyote hapo juu: kamba, vigingi, mbegu unapewa au unanunua kwa mwenzio. Unafunga vipande kwenye kamba kwa tai-tai, vile vikamba vidogo, unakwenda kuvitandaza wakati wa bamvua maji yakitoka, na wiki sita hivi unavuna.

Lakini niwe mkweli kwa kaka. Mwani mbichi ukikauka unapungua mno, kilo nane mpaka kumi mbichi zinakupa kavu moja. Bei anapanga mnunuzi. Aina ya kotoni ndiyo yenye bei, nayo maji yakipata joto inaugua, inakuwa myeupe na kukatika. Spinosamu inavumilia zaidi ila bei yake iko chini. Na huwezi kuufanya ukiwa Makorora na kazi ya dukani, kwa sababu maji hayajui saa za kazi yako. Yakitoka saa 4 asubuhi, ni saa 4 asubuhi. Nimeutaja ili wasomaji walioko pwani waupime, siyo kwa ajili yako.

mdau_Muheza

Kuna biashara ya Jumamosi na Jumapili: machungwa. Katikati ya mwaka Muheza machungwa yanamwagika, unachukua magunia mawili matatu kwa gari la mizigo, unayauza Tanga mjini kwa mafungu. Muheza hapo ni kilomita thelathini na kitu, nauli haiumi. Hela inazunguka kwa siku mbili. Nje ya msimu usijaribu, utanunua ghali na kuuza kwa tabu. Kwa hiyo ni ya kuongezea, siyo ya kutegemea.

mkaaji_makorora

Nashukuru sana wote, nimemsomea mke wangu kila neno. Uwakala tumeufuta. Kuna mtu kazini ananiambia nikope niongeze mtaji ndipo nianze na vyote viwili, vitafunwa na kuku. Mnaonaje?

Mzee_Raskazoni

Mwanangu, usikope kuanzia. Nimeona nyumba zikitolewa makochi na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali, na wanaokopa wengi ni hao hao wenye biashara ndogo. Mkopo wa marejesho ya kila siku unataka biashara iliyokwisha kusimama. Hata ukija kukopa baadaye, uliza kwanza kama anayekukopesha ana leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kampuni za kukopesha zinatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Asiyeweza kukuonyesha, mwage.

Kuna njia ya halali ambayo watu wanaipita tu: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Nne ni za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, na mkopo wake hauna riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Inataka kikundi, siyo mtu mmoja, kwa hiyo mkeo ajiunge na wenzake wanaofanya kazi inayofanana, waandikishe kikundi, wamwone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Haipatikani kesho wala keshokutwa. Wakati anaisubiri, chapati ziwe zinauzwa.

Na hizi za mtandaoni za "weka elfu hamsini upate laki kwa wiki", mwenye umri wangu anaikumbuka DECI ya 2009, ule upatu wa kupanda na kuvuna hela. Watu walipanda, wachache wakavuna, serikali ikafunga, wengi wakabaki na risiti. Jina linabadilika, mchezo ni ule ule.

Mimi ningepima hivi: hela ikitoka mfukoni mwako, inarudi baada ya muda gani? Vitafunwa siku moja, machungwa siku mbili, mwani wiki sita, kuku miezi mitatu. Mtu mwenye laki tatu na nusu na mtoto mdogo aanze na inayorudi upesi, hata kama faida ya kila mzunguko ni ndogo. Ile ya miezi mitatu aiendee kwa faida, siyo kwa mtaji.

Wakala_Mabawa

Niongezee la kodi, maana watu wanaliogopa bila sababu. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Hiyo ni kama mauzo ya elfu kumi na moja kwa siku. Mkifika kilo tatu za unga kila siku mtavuka, kwa hiyo nunueni daftari tangu siku ya kwanza. Ukivuka kidogo, anayeweka kumbukumbu hulipa pungufu kuliko asiyeweka.

mkaaji_makorora

Mzee wangu shikamoo, na ahsante. Tumekubaliana: vitafunwa kwanza, na laki na nusu inabaki bila kuguswa. Kuku kumi tutawaweka kwa faida, ikifikia kiasi cha kuwalisha mpaka mwisho. Mimi nitaamka saa 10 na kuwasha moto, mtoto akiamka ni wangu. Mama wa Barabara ya 12, naomba uniambie, tuanze na kilo ngapi na chuma cha vitumbua tununue cha aina gani?

Mama_Barabara12

Anzeni na kilo moja ya chapati na nusu kilo ya mchele wa vitumbua. Zikiisha kabla ya saa 1 na nusu kwa siku nne tano mfululizo, ongezeni nusu. Msiongeze kwa sababu siku moja zimeisha haraka, labda jirani alikuwa na msiba akanunua zote.

Chuma nunua kile kizito cha kuyeyusha, chenye mashimo saba. Vile vyepesi vya bati vinashika moto upande mmoja. Kipya kisugue kwa chumvi na mafuta, kipashe moto, kifute, rudia mara kadhaa, la sivyo vitumbua vya kwanza vyote vitaganda. Nazi chukueni Mgandini jioni, mkichelewa zinabaki zilizooza. Na wekeni birika la chai ya tangawizi pembeni. Fundi anayewahi kazini hataki kununua chapati hapa na chai kule.

Mwambie mkeo anitumie ujumbe wa faragha humu, nitamwelekeza vipimo vya unga na maji. Na kipindi cha Ramadhani mhamishie kazi jioni, asubuhi hapatakuwa na mnunuzi.