Ukikesha leba, asubuhi uende kulala au ubaki kwenye raundi?

Bint Pangani: Habari za leo wakubwa, na wenzangu mambo. Nauliza kwa dhati. Mwanafunzi wa udaktari (MD) wa mwaka wa nne akishakesha wodini, asubuhi aruhusiwe kwenda kulala au abaki kwenye raundi, ule mzunguko wa kuwapitia wagonjwa kitanda kwa kitanda, mpaka mchana? Chuoni kwetu, sikitaji, ukikosa raundi kubwa husainiwi, na usiposainiwa unarudia wiki zote za wodi ile.

Wiki iliyopita niliingia zamu saa moja asubuhi Jumanne. Jumatano saa tatu asubuhi bado nimesimama. Nikatumwa kutoa damu kitanda cha kumi na moja. Mshipa nikaupata mara moja, mrija ukajaa, nikaitazama sindano ikiingia kwenye kidole changu cha shahada kana kwamba kidole ni cha mtu mwingine. Maumivu sikuyasikia. Nilishtuka glavu ilipoanza kuwa nyekundu kwa ndani. Leo ni siku ya sita ya dawa za kinga ya VVU kati ya siku 28, na kichefuchefu kinaamka kabla yangu.

Mzee wa Wodi: Pole sana binti yangu, Mungu akuvushe salama. Ila niulize kama mwalimu: ulikuwa unarudishia kifuniko? Kufunika tena sindano kunachoma watu, tuliwakataza tangu mwaka wa pili. Sisi tulikuwa wachache, tulikesha mara tatu kwa wiki na asubuhi tulisimama kwenye raundi tukijibu maswali. Mgonjwa hachagui saa ya kuumwa. Huu ni wito.

Na nyie vijana afya zenu mnazimaliza wenyewe. Napita getini saa tano usiku nawakuta mmejipanga kwenye chipsi mayai, mkononi kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Uwanja upo, hakuna anayeuzunguka hata mara moja. Mwili wa namna hiyo utasimama saa ngapi?

Bint Pangani: Shikamoo Mzee. Sikurudishia kifuniko. Nilikuwa naipeleka kwenye boksi la usalama, na boksi lilikuwa hatua mbili. Naomba lisisemwe tena, maana hata ofisini waliponijazia fomu swali la kwanza lilikuwa hilohilo. Hakuna aliyeniuliza nililala lini.

Mtoto wa Kilosa: Shikamoo Mzee. Mimi ni mmoja wa hao wa getini, kwa hiyo nijibu. Kantini inafungwa saa mbili usiku. Mama ntilie wa wali maharage anaondoka sufuria ikiisha, na inaisha saa nane mchana. Mimi natoka wodini saa nne. Kinachowaka moto saa hiyo ni jiko la chipsi peke yake. Bumu, yaani mkopo wetu wa kujikimu, ni 10,000 kwa siku, humo kuna chakula, chumba, nauli na kutoa kopi. Zege, hiyo chipsi mayai, ni 2,500 na inanifikisha asubuhi. Tuambie tule nini Mzee, tutakula.

Mzee wa Wodi: Ndizi mbili na yai la kuchemsha havihitaji jiko la mtu. Chemsha mayai asubuhi, weka kwenye begi.

Mtoto wa Kilosa: Hosteli zetu jiko la umeme likikamatwa linachukuliwa na faini juu. Mayai nitachemshia wapi?

Sista Rehema: Mimi ni nesi, mwaka wa kumi na tisa kazini. Limeniuma neno "wito". Sisi tukitoka zamu ya usiku tunakabidhi ripoti tunakwenda nyumbani, na siku za kupumzika zimeandikwa kwenye ratiba ukutani. Kwa hiyo sisi hatuna wito? Nimewaona hawa watoto saa kumi alfajiri wamelala wima, paji la uso kwenye ukuta wa leba. Mwaka jana mmoja alianguka akiwa amemshikia daktari bingwa vyuma vya kupanua kidonda, upasuaji uliochukua muda wa saa tatu. Hakuwa ameweka kitu mdomoni tangu jana yake. Tulimlaza pembeni, tukamwinua miguu, tukampa chai ya sukari. Alipozinduka akauliza kama atasainiwa.

Mtarajali wa Kanda ya Ziwa: Turudi kwenye swali la binti. Marekani walijadili haya tangu binti wa miaka 18, Libby Zion, afie hospitalini New York mwaka 1984 akihudumiwa na madaktari wa mafunzo waliokuwa kwenye zamu ndefu. Kama sikosei ni 2003 wakaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki nchi nzima. Na kiapo cha Geneva cha Jumuiya ya Madaktari Duniani kilirekebishwa 2017, kikaongezwa sentensi ya daktari kutunza afya yake mwenyewe ili aweze kutoa huduma bora. Kuna pia uchambuzi mkubwa wa 2016 uliokusanya tafiti za nchi zaidi ya 40: wanafunzi 27 hivi katika kila 100 wa udaktari wana dalili za sonona. Hao wote wanakula zege?

Mzee wa Wodi: Marekani ina madaktari wa kupokezana, kijana. Hapa ukimruhusu mmoja akalale, kitanda cha kumi na moja nani atakitazama? Na saa 80 zenyewe ni za daktari anayelipwa, si za mwanafunzi. Nimesema chakula kwa sababu chakula mnakiweza leo. Idadi ya madaktari hamuiwezi leo.

Bint Pangani: Mzee, sisi ni wanafunzi. Kama kitanda kinanitegemea mimi, hiyo ndiyo hoja yangu.

Nguvu ya Mwili: Mzee yuko sahihi kwenye mazoezi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 kwa wiki, ni nusu saa siku tano. Nusu saa haikosekani.

Mwajuma wa Hosteli B: Kwako haikosekani. Uwanja wetu hauna taa, njia ya kwenda inapita nyuma ya mochwari na vichaka, na sisi wasichana tunatoka wodini kiza kimeshaingia. Nilijaribu alfajiri, wiki mbili. Ya tatu nikasinzia nimesimama mbele ya profesa. Nikachagua usingizi. Mgongo sasa nautuliza kwa diklofenaki, vidonge vya maumivu.

Kidonda Sugu: Mimi chipsi na mawazo ya mitihani vimenipa vidonda vya tumbo, msibishane.

Mtarajali wa Kanda ya Ziwa: Ndugu yangu, wewe ni wa mwaka wa ngapi? Vidonda vingi vinaletwa na bakteria, Helicobacter pylori. Daktari Barry Marshall wa Australia aliwanywa mwenyewe 1984 tumbo likawaka, na 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Nobel. Na chanzo kingine kikubwa ni hizo diklofenaki anazomeza Mwajuma. Mwajuma, acha, nenda kapime.

Kidonda Sugu: Nilipimwa, bakteria hawakuonekana. Mbona basi maumivu yanakuja wiki ya mitihani tu na likizo yanaisha? Usinijibu kama unasoma slaidi.

Zuhura wa Getini: Nimesoma kimya, sasa nimeshindwa. Hilo jiko la getini mnalolisema ni la mama yangu. Mafuta anabadilisha, ndoo chakavu anauzia wapika sabuni. Ametulea watoto wanne kwa viazi hivyo. Ana daftari la jalada jekundu, majina ya wanafunzi yameandikwa kwa mwandiko wake: "Dk. mrefu, mbili." "Dk. miwani, moja, mpaka bumu." Wapo waliomaliza chuo wakarudi kulipa, wapo ambao hawakurudi, na hajawahi kumnyima mtu anayetoka leba. Mnaposema chipsi zake zinawamaliza afya, mjue anayesoma haya ni nani.

Mzee wa Wodi: Mwanangu Zuhura, nisamehe. Sikumlenga mama yako. Mfikishie salamu zangu.

Zuhura wa Getini: Zimefika. Anasema alishawahi kupika uji wa ulezi saa nne usiku, kikombe 500. Uliisha siku zote. Mlinzi mpya ndiye aliyemwambia aondoe jiko la pili, linaziba njia.

Mtoto wa Kilosa: Uji ule naukumbuka! Wenye karanga. Nani anamfahamu mwenyekiti wa serikali ya wanafunzi, aongee na mlinzi?

Sista Rehema: Jiko la pili likae upande wa bomba, pale hapapiti gari la wagonjwa. Mimi nitaongea na mlinzi mwenyewe, ananijua.

Nguvu ya Mwili: Na mayai ya kuchemsha awe nayo.

Mwajuma wa Hosteli B: Na ndizi.

Bint Pangani: Asanteni kwa pole zenu. Leo siku ya saba, kichefuchefu kimepungua kidogo nikinywa dawa baada ya kula. Ijumaa nimepangwa leba tena, saa moja asubuhi. Raundi kubwa ni Jumamosi saa mbili. Bado sijui kama nitaruhusiwa kwenda kulala.