Nimeenda kununua kebo tu, fundi wenu kanifutia harusi ya watu na hela anadai

Mzee wa Rendalini (mleta uzi)

Wakuu salamu baadaye, naandika hapa mikono inatetemeka.

Yule fundi wa pale kwenye kona, simtaji maana mods watafuta uzi, lakini mnamjua. Yule wa miwani kichwani mchana na usiku, ukimpelekea tatizo lolote jibu ni "hiyo IC", yaani chipu ya ndani. Kama hujawahi kumwachia simu ikarudi haina kava basi wewe mgeni mjini.

Mimi nimeenda kununua KEBO. Eksteno yangu ya terabaiti 2, ndani kuna video za harusi nzima niliyopiga, sendofu, na wazee wa ukoo waliotoka Moshi wakitoa wosia mmoja mmoja, vyote nimevitoa kwenye Mac ya ofisini. Kebo ya zamani imelegea, ukiigusa diski inajitoa. Nikamwambia braza nipe kebo kali, akanipa, elfu kumi na tano, sawa. Ndo akasema "lete hiyo diski tuipime kebo". Hapo hapo simu ikaita, shangazi wa bibi harusi, na shangazi huyu akishika simu hamalizi mpaka chaji iishe, nikasogea pembeni.

Narudi namkuta anajipepea, karidhika kabisa, ananiambia: "Braza ilikuwa tupu, nimekutengenezea."

ILIKUWA TUPU.

Wakuu ile diski ni APFS, ile fomati ya Apple ya kupanga faili iliyoingia kwenye Mac toka 2017, Windows haina habari nayo kabisa, unaichomeka haikupi hata herufi ya D wala E, kimya. Mtu mwenye akili timamu anauliza "mkuu hii mbona kwangu haisomeki, imetoka wapi?" basi yameisha. Yeye kaingia Disk Management, pale Windows inapogawia diski, kaona kipande hakina jina, kakifuta, katengeneza kipya cha NTFS, fomati ya Windows, na kakipa JINA LA DUKA LAKE. Halafu eti kupima kama inaandika kanijazia muvi za kivita. Halafu anadai elfu kumi ya kufomati!! Unaenda kwa kinyozi kununua kitana unatoka na kipara na hela ya kunyoa unadaiwa.

Subirini sijamaliza. Nimefika ofisini, nachomeka kwenye Mac, inafunguka vizuri, makomando wananikodolea macho, nataka niwafute, HAWAFUTIKI. Maana Mac kwenye NTFS inasoma tu, haiandiki, haifuti, haibadilishi hata jina. Kwa hiyo harusi imeondoka, makomando wamebaki, na jina la duka liko juu pale siwezi hata kulitoa. Na yeye anasema ilikuwa tupu. Gigabaiti mia nane za watu wanalia kwa furaha ndo tupu hizo?

Shangazi anapiga tena.

Nimekaa Paleee

Siti ya mbele nishashika. Mwenye karanga asogee.

kichuna wa tabata

Hahahahaaa "kakipa jina la duka lake" niko kwenye daladala watu wananiangalia 😂😂😂 pole lakini kaka

Graduate Asiye na Ajira

Hii chai. Toka lini yule jamaa akashika kitu kikamaliza kufanya kazi siku hiyo hiyo

Mbishi Halisi

Mleta uzi tuache utani kidogo. Nakala ya pili iko wapi? Umechukua hela za kamati, watu wamechanga mpaka wamekopa, wewe kazi yote iko kwenye diski moja unazunguka nayo mjini kwenye mfuko wa rambo? Fundi tumemsikia, na wewe je?

Mzee wa Rendalini

Mbishi wewe hujawahi kushika kamera kaa pembeni. Kadi za kamera zilishaingia kwenye kazi nyingine Jumapili, mji mzima tunaishi hivyo. Hoja hapa ni moja tu, ILIKUWA TUPU, nani alimuuliza?? Nani alimwambia "braza hebu niangalizie kama ni tupu"??

Mbishi Halisi

Kwa hiyo nakala hakuna.

Baba Kernel

Matatizo ya kujitakia haya. Kwenye Linux exFAT, fomati inayoandikika Windows na Mac, iko ndani ya kernel (kiini cha mfumo) toka toleo 5.4 la mwaka 2019, NTFS ya kusoma na kuandika toka 5.15 ya 2021, bure, hununui programu ya mtu. Nyie endeleeni na madirisha na matunda.

kichuna wa tabata

Kafika. Hajaitwa kafika 😂

Graduate Asiye na Ajira

Baba Kernel, wifi ishakubali?

Baba Kernel

Wifi inafanya kazi vizuri tu. Ikizingua nachomeka waya.

Mbishi Halisi

Na hiyo APFS Linux yako inaisoma bila kuongezea kitu? Maana ndo inayozungumziwa hapa.

(Baba Kernel yuko kimya, atakuwa anatafuta draiva.)

Kodeki

Mkuu Rendalini pole sana. Haraka sana: chomoa hiyo diski na usiandike KITU juu yake, wala usiifomati tena kwa hasira ya makomando. Kufomati kwa haraka kule hakufuti data zote, kunatengeneza orodha mpya tu juu, za zamani zimelala chini mpaka kitu kingine kikae pale pale. Shida ni hizo muvi, zilipokaa ndo zimeua. Chukua PhotoRec, programu ya bure ya kuokoa faili, ipo kwa Windows, Mac na Linux, ipitishe kwenye diski yote, utakachopata uhifadhi kwenye diski NYINGINE. Majina ya faili hayarudi, na klipu ndefu zinaweza kutoka zimekatika, jiandae. Kama ni HDD ya kuzunguka matumaini yapo. Kama ni SSD, ile isiyozunguka, na TRIM imeshapita, yaani imeshasafisha vilivyofutwa, nenda tu kaongee na shangazi.

Siku nyingine diski ya kuzungukia mjini iwe exFAT. Windows inaandika, Mac inaandika toka 10.6.5. Ila haina jono, yaani daftari la kufuatilia kinachoandikwa, ukichomoa kwa pupa katikati ya kukopi usije kufungua uzi hapa. Na ukiileta Windows ikitokea Mac utakuta vifaili vinavyoanza na nukta na kamstari, si virusi, ni Mac hiyo inaacha uchafu wake.

Mama Junior

exFAT ndo hiyo hiyo inanitesa mimi! Nimenunua flashi GB 64, imekuja na hiyo exFAT, tv ya sebuleni haiioni, inaandika hakuna kifaa. Haya mtoto wa dada akanibadilishia kuwa FAT32, fomati ya zamani, na alihangaika mpaka akashusha programu maana dirisha la kufomati la Windows FAT32 linaishia GB 32. Tv ikasoma, nikafurahi. Nakopi muvi ya GB 6 inaniambia faili kubwa mno, flashi nyeupe haina kitu! Nyeupe!

Kodeki

FAT32 faili moja haivuki GB 4 dada, hata flashi ingekuwa kubwa vipi. Ni mambo ya 1996 hayo. Jaribu NTFS, tv nyingi zinaisoma.

Mama Junior

Nimejaribu, inasoma ila maneno ya chini yanatokea vibokisi tupu. Nimechoka.

Graduate Asiye na Ajira

Nyie mna bahati mnalia na tv. Mimi nimepeleka CV stationery kuprinti, flashi imerudi folda zote zimegeuka shotikati, nikachomeka kwa laptopu ya broo nayo ikaambukizwa, broo hajanisemesha tena. Na ile stationery mnaijua, yenye feni inayolia. Dada pale hata haangalii, anachomeka tu flashi za chuo kizima kwenye ile kompyuta.

Nimekaa Paleee

Faili zako zipo mkuu zimefichwa tu. Fungua CMD, lile dirisha la amri la Windows, hamia kwenye herufi ya flashi, andika attrib -h -r -s /s /d zitatokea. Shotikati futa zote, usibonyeze hata moja.

Graduate Asiye na Ajira

Zimetokea!! Ubarikiwe. Kazi nimekosa lakini zimetokea.

Mzee wa Rendalini

Jamani turudi kwenye mada. PhotoRec inatembea, mpaka sasa imetoa picha za MC, na video moja ndefu ya miguu ya watu wanacheza, vichwa hakuna. Wosia wa babu umekatika kwenye "mwanangu ukifika kwa mumeo kitu cha kwanza". Na yule bwana kanitumia meseji muda huu, "braza usisahau ile kumi". KUMI! Ya diski iliyokuwa TUPU!

kichuna wa tabata

Nakufa 😂😂 kitu cha kwanza nini sasa? Bibi harusi ataishije?

Mbishi Halisi

Mlipe kijana wa watu kafanya kazi.

Mama Junior

Pole baba. Ila kwa mnaojua, kuna library, duka la kuwekea muvi, inayoweka zile tamthilia za Kikorea zilizotafsiriwa kwenye flashi ikiwa NTFS? Ninayoenda mimi ananiwekea mia tano kila sehemu, nafika nyumbani sehemu ya 9 na ya 10 ni ile ile moja kabadilisha jina.

Nimekaa Paleee

Huyo ni yule wa karibu na mashine ya kukoboa. Mimi kanifanyia hivyo hivyo, ya mwisho kaniwekea mechi.

Graduate Asiye na Ajira

Mechi gani?